Mikate Yenye Vichwa

Mwanangu Nakiete,

Mikate ile ya kiwandani, niliyokuwa nikiipakia kwenye gari kila Jumamosi nawe ukikaa kiti cha nyuma umeipakata, haikuwa imeharibika yenyewe. Nilikuwa naiharibu mimi, kwa dole gumba, huku nikijua ninachofanya. Mama yako hajui. Danh, aliyekuwa meneja wangu, hakujua. Wewe ndiye usiyejua kuliko wote, kwa sababu umepata kazi kwa kuisimulia hadithi hiyo kinyumenyume.

Nimeanza na hilo nisije nikaogopa katikati. Unajua nilivyo siku hizi, nikipanda ngazi tatu za barazani napumzika kama niliyepanda Milima ya Upare. Lakini leo kalamu inakwenda yenyewe. Nina furaha hata sijui niiweke wapi! Mtoto wangu anakwenda Adelaide kuongoza watu, katika kiwanda cha sabuni, kazi yake kuwinda upotevu. Nimemwambia kila mtu hapa mtaani kwetu Rooty Hill. Nimemwambia hata kijana anayeleta vifurushi, akaniuliza kama wewe ni msimamizi wa usafi, nami nikamweleza mpaka akatazama saa yake.

Mama yako ameshakuambia habari za blanketi, makande uliyofungiwa kwenye vikopo, na kupiga simu Jumapili. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuambia habari za mkate.

Siku ile ya usaili ulikaa mezani jikoni na kompyuta, umevaa koti zuri juu na suruali ya kulalia chini. Ukadhani nimelala. Nilikuwa nimesimama kwenye korido nikishikilia ukuta. Wakakuuliza ulijifunzia wapi kazi ya kupunguza upotevu. Ukawaambia kwa Kiingereza kwamba hukujifunzia chuoni, umejifunza kwa baba yako. Kwamba kiwanda cha mkate kilikuwa kikitupa mikate mingi, mafundi wameshindwa, na baba yako, mwalimu wa fizikia kutoka Same aliyekuwa akisukuma mabati ya moto, akaombwa asimame tu na kuangalia. Akasimama, akaangalia, na wiki ile ile mikate ikaacha kuharibika. Wakakuuliza, alifanya nini? Ukawajibu, "Aliangalia kwanza." Nikasikia wanacheka kwa furaha. Nikarudi kitandani kwa kunyata, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kama mwizi.

Hadithi hiyo niliipika mimi, nikakulisha tangu ukiwa na meno ya utoto. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Tulikuja huku kwa sababu mama yako alipata kazi ya uuguzi. Mimi nilikuja na vyeti vyangu kwenye bahasha ya plastiki, na vikabaki humo. Kiwandani nilipewa sehemu ya mabati. Mkate wa sandwichi, ule wa mraba, huokwa ndani ya bati lenye kifuniko. Unga ukishaumuka, kifuniko kinashuka, bati linaingia kwenye tanuri, na mkate hauna pa kwenda ila kujaza pembe zote. Kifuniko kisipokaa sawasawa, mkate hupenya juu na kuota kichwa. Hauna ubaya wowote. Unaliwa, ni mtamu, tena ile sehemu ya kichwa huwa na ganda la kahawia linalolia kwenye meno. Lakini hauingii kwenye mashine ya kukata slesi wala kwenye mfuko. Kwa hiyo kiwandani ni uchafu. Unakwenda kwenye pipa, na pipa linakwenda kwa wafuga nguruwe.

Danh alikuwa mtu mwema. Alituruhusu Jumamosi, mwisho wa zamu, kuchukua mikate ya vichwa kadiri tunavyotaka. Wenzangu walichukua mmoja mmoja. Mimi nilijaza buti ya gari na kiti cha nyuma, pembeni yako. Jumapili tulikwenda nayo Macquarie Fields, kwenye ibada ya Kiswahili, katika ule ukumbi wa shule tuliokuwa tukikodi. Unakumbuka baada ya ibada watu walivyojipanga? Wengi walikuwa Wakongo waliofika karibuni, nyumba zenye watoto wengi na kazi ambazo bado hazijapatikana. Hakuna aliyesema ana njaa. Walisema wamekuja kunisaidia kupunguza mzigo.

Aliyekuwa akigawa ni Mama Furaha wa Bukavu, unamjua sauti yake. Siku ya kwanza aliushika mkate mmoja, akaugeuza huku na huku.

"Papa Mwalimu, mukate hii iko na kosa gani?"

"Imeota kichwa, mama. Haitakiwi."

"Kichwa tu? Mi pia niko na kichwa, na hakuna mutu alinitupa."

Ukumbi mzima ulicheka. Tangu siku hiyo hiyo likawa jina lake, mikate ya vichwa, na watoto mkawa mnagombania kipande cha juu. Mimi, ambaye kiwandani nilikuwa nikiitwa kwa kupigiwa mluzi, pale ukumbini niliitwa Papa Mwalimu tena. Watu walisimama nikipita. Sikufichi, utamu wa jambo lile niliusikia mpaka kwenye magoti.

Kisha alikuja fundi mpya, akabadilisha bawaba za vifuniko. Kazi safi kabisa. Jumamosi ile mikate yenye vichwa haikujaza hata mfuko mmoja. Jumapili niliingia ukumbini na mfuko mdogo. Mama Furaha akanipokea kwa mikono miwili kama kawaida, akauweka mezani, akatazama mlangoni akingoja mingine. Nyumbani kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na hasa haendi hivyo mahali walipozoea kuona mikono yake imejaa. Akakata mikate ile vipande vidogo sana, akagawa, akiimba ili watu wasiuone udogo huo.

Juma lililofuata niligundua kwamba ukibonyeza ukingo wa kifuniko kwa dole gumba kinapopita, kidogo tu, bawaba mpya haishiki. Ilikuwa rahisi mno. Bati likipita, nabonyeza. Sikubonyeza yote. Nilichagua kama mtu anayechuma maembe. Jumamosi buti ikajaa.

Mwenzangu upande wa mashine ya slesi alikuwa Sefa, Msamoa wa visiwani mwenye mabega kama kabati. Yeye ndiye aliyekuwa akiitoa mikate ile kwenye mkanda. Alikuwa akinipigia kelele kutoka kule, "Profesa! Hawa leo wamevaa kofia. Wanakwenda kanisani?" Nami namjibu, "Wanakwenda, na wewe ungekwenda ungekonda." Hakuniuliza zaidi. Nadhani alijua. Alikuwa na kanisa lake pia.

Mambo yangeendelea hivyo, sijui mpaka lini, ila wenye kiwanda wakaanza kunong'ona kwamba laini yetu ya uokaji inapoteza mno, kwamba ni afadhali waifunge na kuokea Melbourne. Danh akaniita. Nilidhani nimekamatwa. Nilijitayarishia maneno.

Akasema, "Wewe si ulikuwa ukifundisha fizikia?"

"Nilifundisha."

"Basi kesho usisukume bati hata moja. Simama popote unapotaka, uangalie. Uniambie tunapotezea wapi. Mimi nimeangalia mpaka macho yameniuma."

Unaona kichekesho hicho, mwanangu? Nimeajiriwa kujitafuta! Kesho yake nilisimama katikati ya kiwanda mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu, na kwa kuwa nimesimama, dole gumba halikuwa kwenye mabati, na kwa kuwa halikuwa kwenye mabati, mikate ikatoka mraba, mmoja baada ya mwingine, mizuri kama matofali. Danh alikuja mwisho wa zamu akaona pipa tupu. Alinishika mabega.

"Umefanya nini?"

Nikamjibu, "Nimeangalia."

Hiyo ndiyo hadithi yako. Sasa unajua.

Lakini subiri, usiikunje barua bado, kwa maana sehemu inayofuata ni ya kweli, na ndiyo sababu nina furaha leo. Nilisimama pale nikijifanya naangalia, na siku ya pili, kwa uchovu wa kujifanya, nikaangalia kweli. Nakiete, kiwanda kilifunguka mbele yangu! Wewe unaijua hali hiyo, nimekuona nayo, macho yako yanavyobadilika ukielezea mashine. Mimi niliipata nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kwenye vumbi la unga.

Niliona kwamba tunaoka mkate mweupe, kisha wa kahawia, kisha tunarudi kwenye mweupe, kisha wa mbegu, kisha mweupe tena, kufuatana na oda zilivyoingia. Kila tukibadilisha, mashine ya kukandia inasimama, inaoshwa, unga uliobaki unatupwa, na tanuri linaendelea kuwaka bila kitu ndani. Tanuri refu kama behewa la treni, linaoka hewa! Nikajiuliza, mama yako akipika nyumbani anaanza na nini? Hapiki mchuzi wa pilipili kisha chai ya maziwa katika sufuria moja. Nikamwendea Danh nikimkimbilia, kiatu kimoja kamba imefunguka. Tuanze na mweupe wote. Kisha kahawia, maana unga mweupe ukibaki ndani ya kahawia hauonekani. Kisha wa mbegu mwisho. Tuoshe mara moja, mwisho wa siku. Danh alinitazama, akakaa juu ya kreti, akacheka mpaka akavua kofia ya nywele.

Niliona Sefa akiacha mashine yake kila mara kwenda kuchukua bunda la mifuko nyuma ya nguzo. Hakuna aliyejua kwa nini rafu ya mifuko iko nyuma ya nguzo. Ilikuwa huko tangu kabla yetu. Tukaihamisha ikawa nyuma ya mgongo wake. Akaniambia, "Profesa, umeninyima matembezi yangu. Nikinenepa, mke wangu atakuja kugonga kwako."

Niliona mashine ya kukata madonge imewekwa ikate mazito kidogo, kwa kuogopa faini ya mkate uliopungua uzito, na kwamba uoga huo ulikuwa ukitoka mlangoni kila siku ndani ya kila mkate, bila mtu kuulipia. Sikulala, kwa raha niliyokuwa nayo. Nilikuwa naamka kabla ya saa, nawahi kazini kabla ya zamu yangu. Laini yetu haikufungwa. Waliokuwa wakinong'ona habari za Melbourne walikuja na viatu vinavyong'aa kutupa mkono wa pongezi. Faida ikapanda, Danh akanitoa kwenye mabati akanipa kazi ya uboreshaji, na kwa kazi hiyo tuliinunua nyumba hii na wewe ukasoma uhandisi. Watu wengi waliendelea kula mishahara yao kwa sababu ya mpangilio ule wa nyeupe, kahawia, mbegu. Siionei haya kazi ile. Nikizaliwa tena ningeomba nizaliwe karibu na kiwanda.

Kwa hiyo ukifika kule, nenda na furaha yako yote. Ninalokuomba si kwamba upunguze hamu yako. Nakusimulia tu hamu yangu ilivyonifanya, kwa sababu tunafanana, na kufanana huko hakukuja na maelezo ya matumizi.

Danh alibandika chati ukutani, karibu na mahali tunaponawia mikono. Mstari wa upotevu, kila wiki, unashuka. Niliupenda mstari ule kuliko inavyompasa mtu kupenda karatasi. Nikifika kazini naukagua kabla ya kumsalimia mtu. Ukipanda kidogo, chakula hakipiti. Nyumbani nilianza kupima maganda ya viazi kwa macho, na wewe siku moja ukaniambia, kwa Kiingereza chako, kwamba ni karoti tu, Baba, si mtambo. Mama yako alikuwa ameokoa mafuta ya kukaangia mandazi nikamsifu kama mfanyakazi wangu. Alininunia siku nzima, na alikuwa na haki.

Katika furaha ile yote, mikate ya vichwa iliisha. Ilikuwa lazima iishe. Jumapili ya kwanza nilikwenda Macquarie Fields na buti tupu. Nilikaa ndani ya gari kwa muda nikiwa nimeshika usukani, wewe ukiniuliza kama tumesahau kitu. Tukaingia. Baada ya ibada watu walijipanga kama kawaida, na mimi nikasimama mbele yao na kusema kwamba kiwanda kimekataza.

Mama Furaha akasema, "Kama patron amekataza, ni moyo yake iko nguvu. Tutaombea ile moyo." Akawashikisha watu mikono, nawe ulikuwemo ukiwa umefumba jicho moja, akamwomba Mungu amlainishe Danh moyo wake. Hakumtaja kwa ubaya hata kidogo. Akaomba pia kwa ajili yangu, nisichoke kufanya kazi kwa mtu mgumu. Nami nikasema amina. Jumapili iliyofuata akaomba tena. Na nyingine. Ikawa sehemu ya ibada, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri, bosi wa Papa Mwalimu. Watu wakaacha kujipanga, lakini maombi hayakuacha. Baadaye wengi walipata kazi kwenye maghala na kwenye nyumba za wazee, wakanunua mkate wao wenyewe, na Mama Furaha, ambaye hasahau, bado alikuwa akiniuliza mlangoni, "Patron yako amelainika?" Nami namjibu, "Bado, mama. Tuendelee kuomba."

Miaka yote hiyo umeyaona maombi hayo kama kichekesho cha familia yetu. Ulipokuja kumjua Danh, siku alipokuja kwenye mahafali yako na kikapu cha matunda kutoka mtaani kwao Cabramatta, ulinong'ona sikioni mwangu kwamba maombi ya Mama Furaha yamejibiwa. Nilicheka. Danh akauliza tunacheka nini, nikamwambia ni mambo ya Kiswahili.

Daktari wa moyo ananiambia mambo yake kwa upole siku hizi, na upole huo najua maana yake. Danh alitangulia kuondoka duniani mwaka jana, nami sikumwambia alivyokuwa akiombewa. Amebaki wa kuambiwa mmoja, na kesho asubuhi anapanda ndege. Mkononi mwako barua hii nitaiweka mwenyewe, si kwa mama yako. Ukimaliza kusoma unaweza kumsomea, au ukanisubiri nimwambie mimi. Hilo nakuachia. Nenda, mwanangu. Natamani hata kuiona sakafu ya kiwanda chako. Nipigie picha mashine ya kukata sabuni, na vile vipande vinavyokatwa pembeni, uniambie vinarudi kwenye mtambo au vinakwenda wapi. Nakukumbatia kwa nguvu zilizobaki, nazo leo ni nyingi.

Sasa lile lililobaki. Jumamosi ile mikate ya vichwa ilipoisha, kabla sijakwenda kusimama mbele ya Mama Furaha, Danh alinifuata mpaka kwenye maegesho. Aliona buti yangu iko wazi na haina kitu. Akaniambia kwamba mama yake alipofika ugenini Cabramatta na watoto, kulikuwa na mwoka mikate aliyewapa mkate, na mpaka leo mama yake akipita mbele ya duka lile huinama. Akasema atanipa kreti za mikate mizima, ya mraba, kila Jumamosi, kwa ajili ya watu wangu. Hakuna shida yoyote, alisema, ila tu italazimika kuhesabiwa kama upotevu, na mstari wetu pale ukutani utapanda.

Nikamwambia ahsante, hawahitaji tena.